Siku Maman Alipokataa Kuachia Kitufe

Siku ya tatu baada ya kumzika maman tulifungua sanduku lake la bati. Wifi zangu walikuwa wanapanga vikwembe vyake, vile vitenge vya kanisani, hiki cha nani na kile cha nani. Mimi nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Ilikuwa harufu ya mpira wa zamani ulioshikwa na mkono wenye jasho, na chini yake ile harufu kali ya maji ya batri inayochoma pua. Nikaingiza mkono chini kabisa, nikaitoa: mikro nyeusi ya kusemea, ya kujaa kiganja kimoja, na kamba yake iliyojiviringa kama mkia wa nguruwe. Mwisho wa kamba hakukuwa na kitu. Wifi mmoja akauliza kama ni ya kutupa. Nikamwambia ni yangu. Sikusema zaidi, kwa sababu walikuwa wamenikasirikia.

Hata leo bado. Wanasema siku maman alipokufa nilizima simu, nikapotea nusu ya siku, nikawaachia wao wageni na mipango ya jeneza. Ni kweli, nilifanya hivyo. Siombi msamaha. Sikusoma sana, niliacha shule kabla ya diploma, wala sijui kupamba maneno kama kaka yangu wa Kinshasa. Lakini ninyi wa umri wangu, mliokulia Bukavu kabla ya simu za mkononi, mtanielewa nikieleza ile mikro ilitoka wapi.

Nyumba yetu ilikuwa Nyawera, nyuma ya soko, pale ambapo makelele ya wapagazi yalianza kabla ya jogoo. Chumba cha mbele kilikuwa cha phonie. Phonie ilikuwa radio ya kuongea na watu wa mbali, sanduku la chuma la rangi ya majivu, na waya uliotoka dirishani, ukapita juu ya mabati mpaka kwenye mparachichi wa jirani. Iliishi kwa batri ya gari iliyokaa sakafuni juu ya ubao, na mimi nilikatazwa kuigusa. Asubuhi watu walikaa kwenye benchi kungoja zamu. Huyu mwanawe alikuwa Kindu, huyu mume wake alikuwa kwenye dhahabu, huyu alitaka kujua kama kile kifurushi cha chumvi kilifika. Maman alishika mikro, akaita, na kutoka ndani ya sanduku sauti zikajibu kama watu waliofunikwa na mvua.

Lazima nieleze jambo moja, maana ndilo lililobeba yote. Phonie si kama simu. Ukifinya kitufe cha mikro, unasema lakini husikii. Ukikiachia, unasikia lakini huwezi kusema. Wawili hawasemi pamoja. Ndiyo maana mtu akimaliza alisema à vous, yaani zamu yako, akaachia, akangoja. Nilijua hayo kabla ya kujua kusoma.

Papa alifanya biashara ya mafuta ya mawese huko Shabunda, msituni. Alikaa huko miezi mingi. Jumamosi saa nne aliingia nyumbani kwa njia ya lile sanduku. Kwanza alimsalimu maman, halafu akauliza, "Mutoto iko? Amekula nini?" Maman alinipa mikro, nikashika kwa mikono miwili, nikahesabu: bugali, sombe ya majani ya muhogo, sambaza mbili, vile visamaki vya ziwani. Aliniambia niongeze moja, yeye atalipa akirudi. Nilimjua papa zaidi kwa sauti kuliko kwa uso. Akirudi kweli, amekonda, ananuka moshi, nilijificha kidogo mpaka aseme neno.

Maman alikuwa na sheria zake tatu kwa watu wa benchi. Usipige kelele, mashine si kiziwi. Usitukane, kuna watoto wanasikiliza mpaka Kindu. Ya tatu aliisema taratibu: "Mambo ya kufa haipitake humu. Inapitaka na miguu."

Wote wenye phonie walifuata hiyo. Mtu akifa huko ndani, mwenzake maman aliyeshika phonie ya Shabunda hakusema hewani kwamba fulani amekufa. Alisema tu, "Maman, chukua kalamu," akataja jina na mtaa, akafunga. Maman aliandika jina kwenye kaye, daftari lake, akaifunika mashine kwa kikwembe, akavaa viatu. Alikwenda mwenyewe hadi kwa watu wa jina lile, hata kama ilikuwa Panzi, hata kama ilikuwa Mudaka. Huko aliomba kiti, akaomba maji, akakaa mpaka waone vumbi kwenye viatu vyake. Ndipo aliposema. Alisema mtu hawezi kupokea kifo akiwa amesimama kwenye mstari, katikati ya watu wanaongoja kuulizia chumvi.

Mimi hayo ya kiti na maji sikuyajua. Sikuchukuliwa. Nilichokiona ni kikwembe juu ya mashine, nikadhani imechoka. Na nilichokisikia, miaka yote ile, ni kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kufa ndani ya phonie. Kanisani kila Jumapili walisoma majina ya marehemu. Redioni walisoma. Kwetu, watu waliugua, walipata watoto, waligombana, lakini hawakufa. Nikafikia hesabu yangu ya kitoto: anayeongea kwenye ile mashine hafi.

Nilimwambia rafiki yangu wa shule. Siku iliyofuata akaja na nyanya yake, bibi wa Kishi aliyekohoa tangu masika, amemshika mkono. Maman akamuuliza bibi anataka kumwita nani. Bibi akajibu kwamba yeye hana mtu huko mbali, ameambiwa tu aje aseme. Watu wa benchi wakacheka. Maman alinitazama, kisha akampa bibi mikro. Bibi akasema kwa Mashi, lugha yake, kwamba yuko, bado yuko, na kwamba ng'ombe wa nduguye wasiingie tena kwenye maharage yake. Mtu wa Shabunda akajibu kwamba amesikia vizuri. Bibi akarudi nyumbani amenyooka.

Kisha sheria ikaja. Sikumbuki mwezi. Nakumbuka maman akisikiliza redio na kijiko mkononi, sombe ikaungua. Walisema phonie zote za watu binafsi zinaingia chini ya mamlaka ya serikali. Ziandikishwe, zitiwe mhuri, na ajenti akae kusikiliza. Kila ujumbe usemwe wote, wazi, bila kuficha, na yeye auandike kwenye fomu.

Ajenti wetu alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye sakoshi, mkoba wa ngozi, na shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Simtaji jina, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Alinipa pipi. Lakini siku ya kwanza alikaa kwenye kiti cha papa bila kuuliza, akafungua kidau cha wino, akatoa hotuba. Alisema maneno yanayopita hewani ni ya serikali. Alisema si jambo jipya, hata Waingereza, enzi za malkia wao wa zamani, walikuwa na makampuni ya telegrafu kila kona, kisha sheria ikapitishwa, serikali ikanunua nyaya zote na kuziweka chini ya posta, na watu walishukuru.

Maman alikuwa anapangusa mashine. Hakugeuka. "Bale balinunua," alisema. "Weye umekuja na sakoshi tu."

Benchi zima liliinama kutazama sakafu ili lisicheke. Ajenti akaandika kitu.

Mwaka huu nilimwomba mpwa wangu anayesoma sheria chuo kikuu aniangalizie kama yale ya malkia yalikuwa kweli. Akatafuta kwenye simu yake, akanisomea pole pole, akinigeuzia kwa Kiswahili. Ni kweli, serikali yao ilinunua. Lakini akanisomea na kipande kingine cha sheria ile ile: mfanyakazi wa posta akitoa nje yaliyomo katika ujumbe wa mtu, ana hatia. Nilimwambia arudie. Akarudia. Basi yule baba alitusomea nusu. Nusu ya kuchukua mashine alikuwa nayo kichwani. Nusu ya kuheshimu siri ya mtu aliiacha huko huko kwa malkia. Natamani maman angelisikia hilo. Angepangusa mashine na asingegeuka.

Wiki chache zikapita hivyo. Watu wa benchi walipungua, kwa sababu nani anataka kumuuliza mume wake kwa nini hatumi habari, na kalamu ya serikali inakwaruza pembeni? Mimi sikumchukia ajenti. Niliona anaandika majina, nikadhani serikali nayo imegundua kwamba mashine yetu inazuia kufa, na inataka kujua nani amekwisha kuongea.

Jumamosi moja saa nne maman aliita Shabunda. Mimi nilikuwa nimesimama tayari karibu naye, nimepanga vyakula vyangu kichwani. Siku hiyo kulikuwa na samaki mkubwa na nilitaka kuanza naye. Haikujibu sauti ya papa. Alijibu yule mwenzake maman, akauliza maman ana nani karibu.

"Niko na mutoto," maman alisema, "na mutu wa serikali. À vous."

Sanduku likakaa likikoroma peke yake. Kisha yule mtu akasema, polepole sana, "Maman, chukua kalamu."

Maman hakuchukua kalamu. Iliyokuwa pale ni kalamu ya ajenti, na ajenti alikuwa ameshaitia wino. Aliinama kwenye mikro mkononi mwa maman, akaiambia Shabunda kwamba ujumbe utolewe wote, jina, jambo, sababu, wazi, kwa amri ya sheria. Kidole cha maman kilikuwa kwenye kitufe wakati ajenti anasema, ndiyo maana sauti yake ilienda. Alipomaliza akasema à vous na kurudi kwenye fomu yake. Maman aliachia. Tukasikia yule mtu wa Shabunda akivuta pumzi. Alisema, "Maman, unisamehe, banasema lazima. Ni juu ya..."

Maman akafinya kitufe.

Alikifinya tu kwa kidole gumba, mpaka ukucha ukawa mweupe. Na mradi kitufe kimefinywa, sanduku haliwezi kusikia. Huko Shabunda yule mtu labda alikuwa anasema, labda alikuwa ananyamaza, hatutajua. Kwetu kulikuwa kimya.

Ajenti alimwambia aachie. Akamwambia mara ya pili, kwa Kifaransa. Akasimama. Akasema ni kosa, kuzuia ujumbe ni kosa, atafungwa, mashine itachukuliwa. Maman alimjibu mara moja tu, na kwa kuwa kitufe kilikuwa kimefinywa, maneno yale yaliingia hewani, na watu wenye phonie walinisimulia baadaye kwamba yalisikika mpaka Kindu.

"Mashine, chukua. Huyu haitapita humu."

Alikaa hivyo. Taa ndogo nyekundu ya mashine ilianza kufifia, kwa sababu kusema kunakula batri kuliko kusikia. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Ajenti alijaribu kumshika mkono, kisha akauacha, nadhani kwa aibu, kwa kuwa mama wawili wa benchi walikuwa wamesimama. Mimi nilikuwa nimeshika kikwembe cha maman nikihesabu. Nilifika mia mbili, nikaanza upya. Taa ikazimika. Hata hapo hakuachia. Ajenti akafunga sakoshi yake, akasema watakuja kesho.

Alikuwa papa. Ninyi mmeshajua. Mimi sikujua. Nilielewa kwamba kitu fulani kilitaka kupita kwenye phonie, maman akakizuia kwa kidole kimoja, na kikashindwa. Niliruka ruka uani. Nilijivunia mama yangu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Kesho yake walikuja watatu. Walikata waya kwenye mparachichi, wakabeba sanduku, wakabeba batri. Ajenti aliangalia orodha yake, akauliza mikro iko wapi. Maman alisema hajui sheria yao inaita nini mikro, yeye aliambiwa mashine. Ajenti akanigeukia mimi. Nililelewa nisiseme uongo, na hata leo siuwezi. Nikasema, "Iko na maman." Wote wakamtazama. Kamba ilikuwa inachungulia kwenye shingo ya blauzi yake. Walitazama pale, wakatazamana, na hakuna kati yao aliyekuwa na mkono wa kwenda kuitafuta. Waliondoka na sanduku lisilo na mdomo.

Baada ya hapo zilipita siku kumi na moja. Maman alipika. Alinipeleka shule. Jioni alikaa mlangoni, uso umeelekea barabara inayotoka Walungu, na mimi nilikaa karibu naye nikifanya mazoezi yangu. Majirani walipita polepole kuliko kawaida na kumsalimu kwa sauti ya chini. Mdogo wake, tantine wa Mudaka, alikuja na maharage, akalala kwetu. Jumamosi saa nne nilimuuliza maman papa ataongea wapi sasa. Alinijibu nimhesabie yeye nilichokula. Nikamhesabia.

Siku ya kumi na moja alikuja mtu kwa miguu, mwenzake papa wa biashara ya mawese. Baiskeli yake ilivunjikia njiani akaiacha. Viatu vyake havikuwa tena na rangi. Maman alimwona tangu kwenye kona. Aliingia ndani, akatoa kiti kile cha papa, akatoa maji kwenye kikombe cha wageni. Mtu yule akakaa, akanywa, akaweka kikombe chini. Ndipo akasema. Homa, siku nne, alizikwa vizuri, padri alikuwepo.

Maman akalia. Ilikuwa kama alikuwa ameshika pumzi siku zote zile kumi na moja.

Mimi nilimwendea yule mtu nikampiga ngumi kwenye goti. Nilimwambia anadanganya. Nilimwambia maman alifinya kitufe, nilikuwepo, nilihesabu mia mbili. Watu walitaka kunitoa. Maman akawakataza. Alinivuta akaniambia, na haya ndiyo maneno yake, sijaongeza:

"Nilifinya juu isikufikie na ile njia. Sasa amekuja na miguu. Sasa tulie."

Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Niseme ukweli wote. Nilipokuwa msichana nilimwambia usoni kwamba alinidanganya siku kumi na moja, kwamba aliniacha niruke uani wakati papa yuko ardhini. Nilipozaa ndipo nilipofikiria zile jioni za mlangoni, yeye akijua na akinisikiliza nikisoma kwa sauti. Alibeba peke yake kitu ambacho serikali ilitaka tukipokee mbele ya benchi, kwa fomu. Mimi nilipata siku kumi na moja zaidi za kuwa na baba. Phonie hakurudishiwa, wala hakwenda kuiomba. Aliuza ndizi Nyawera mpaka miguu ikakataa.

Basi, siku aliyokufa. Ilikuwa asubuhi, nikiwa nimemshika mkono. Nilimpigia kaka yangu Kinshasa kwa sababu ni mbali mno kwa miguu yangu, na nilimwambia akae kwanza. Nikamwomba kitu kimoja, asiandike popote mpaka tantine wa Mudaka aambiwe. Yeye na maman walikuwa wamebaki wawili tu wa tumbo moja. Kaka akasema sawa. Kabla sijamaliza kumfunga maman kidevu, simu yangu ikaanza kulia. Kaka alikuwa ameweka picha ya maman kwenye kundi la familia, na mishumaa, na maua yanayocheza. Watu themanini walikuwa wanaandika poleni. Jina la tantine limo kwenye lile kundi, mjukuu wake alimwekea.

Nilimpigia kaka. Aliniambia tuko kwenye dunia gani, kwamba tantine ataona tu, kwamba wewe unataka kwenda Mudaka na nani anashughulikia mwili? Nilimjibu kwamba wifi wapo wanne, mwili una watu, tantine hana. Nikazima simu. Nikavaa viatu.

Sitadanganya kwamba nilitembea njia yote. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, pale Nyawera, kijana akanipeleka mbio. Karibu na soko la Mudaka nikamwambia anishushe. Njia iliyobaki niliifanya kwa miguu, kati ya mashamba ya maharage, na ilikuwa imenyesha.

Tantine alikuwa amekaa mlangoni, uso umeelekea barabara. Karibu yake kulikuwa na kiti kitupu. Ndani nilisikia simu ikilia, ikanyamaza, ikalia tena, na sauti yake ilikuwa nzito, kama iliyofunikwa. Ilikuwa juu ya meza. Alikuwa ameifunika kwa kikwembe.

"Inalia tangu asubuhi," alisema. "Sikuishika. Nilisema nitangoja."

Akatazama viatu vyangu, matope mpaka kwenye kamba. Akainuka kwa shida, akaniletea maji kwenye kikombe cha wageni.

Nilikaa. Nilikunywa. Niliweka kikombe chini. Ndipo nikamwambia.